Bei ya Kunyamaza

Kwenye risiti za maduka mengi ya kwetu Tanzania, chini kabisa, baada ya jumla na neno la asante, huandikwa kwamba mali ikishauzwa haitarudishwa. Waingereza nao wana yao. Mtu anayeuza kitu kilichotumika huandika kwenye tangazo kwamba anakiuza kama kinavyoonekana. Maneno haya mawili ni ndugu wa tumbo moja. Yote yanamwambia mnunuzi: macho unayo, angalia vizuri, ukishatoa pesa usinijie na lawama.

Nimekuwa nikilifikiria hilo la pili kwa miezi kadhaa, hasa mwisho wake. Kama kinavyoonekana na nani? Na mimi niliyekitazama kwa nusu saa mchana wa Jumamosi, au na wewe uliyeishi nacho miaka sita?

Swali lenyewe ni la zamani: muuzaji ana wajibu gani wa kutaja kasoro ambayo hajaulizwa na ambayo mnunuzi hawezi kuiona? Mimi nataka kuliuliza kwa upande wa vitu rahisi, vitu vya watu wa bajeti ndogo, kwa sababu huko ndiko jibu linakotolewa haraka mno. Ukilalamika kwamba umeuziwa kibovu, utaulizwa: kwa bei hiyo ulitegemea nini? Hata wahenga wanaonekana kusimama na muuzaji, maana walishasema rahisi inavunja upishi. Naamini jibu hilo limesimama kichwa chini miguu juu. Bei ikishuka, wajibu wa muuzaji wa kusema haushuki pamoja nayo. Unapanda.

Wala sisemi haya nikiwa nimekaa pembeni. Mwezi ujao mimi na wenzangu wawili tunauza karavani, na tunajua kitu ambacho mnunuzi hatakiona.

Karavani ninayoisema si msafara wa ngamia, ingawa neno ni lilelile, lililoanzia Uajemi likatembea hadi Ulaya na kubadilika maana njiani. Ni nyumba ndogo ya magurudumu isiyo na injini, inayofungwa nyuma ya gari na kuvutwa. Ndani kuna makochi yanayogeuzwa vitanda usiku, jiko la gesi, sinki, na choo kisichozidi kabati la nguo. Waingereza wa kipato cha kawaida wameitumia kwa vizazi kwenda likizo bila kulipa hoteli. Hull, mji wa bandari wa mashariki mwa Uingereza ninakosomea uzamili wa uchumi, pamoja na viunga vyake, ndiyo kitovu cha utengenezaji wa nyumba hizi nchini humo. Ukikaa hapa muda mfupi tu utaziona kila mahali: barabarani, kwenye nyua za watu, na kwenye mashamba ya wakulima wanaokodisha nafasi ya kuziegesha wakati wa baridi.

Sisi tulinunua yetu kwa pauni 1,500, kila mmoja 500. Tuko watatu: mimi kutoka Tanga, dada mmoja kutoka Kisumu tunayesoma naye, na kaka Mghana anayesomea uzamivu, ambaye ndiye mwenye gari lenye ndoana ya kuvutia. Tulitaka kuiona nchi hii kabla viza hazijaisha, na chumba cha usiku mmoja kwenye miji ya likizo kinaweza kumeza chakula cha mwanafunzi cha wiki mbili. Karavani ilitengenezwa mwaka 1999. Tulifanya kila linaloshauriwa. Tulisoma tarakimu nne za ubavuni mwa tairi, ambazo mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa, kwa sababu tairi la karavani huzeeka kwa kusimama kabla halijazeeka kwa kutembea. Tulilinganisha namba iliyochorwa kwenye vioo vya madirisha na ile ya kwenye chasi. Tulitembea ndani kwa kukanyaga kwa nguvu tusikie kama sakafu inabonyea. Tulibonyeza kona kwa dole gumba. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nasi tuliinama kwelikweli. Kaka Mghana alilala chali kwenye matope akiwa na tochi mdomoni.

Dada wa Kisumu alimuuliza mwenye mali kama kuna shida yoyote. Yule mzee alitabasamu, akasema ni karavani ya zamani, lakini imewatunza vizuri yeye na mke wake. Ndani ilikuwa inanukia lavenda.

Miezi michache baadaye, mvua za majira ya baridi ziliposhika, doa la kahawia lilijitokeza chini ya dirisha la mbele. Tulifungua ubao wa ukutani. Nyuma yake mbao za fremu zilikuwa zimeoza, laini kama keki, unaweza kuzichimba kwa kijiko. Mbele ya huo uozo mtu alikuwa amekaza kipande kipya cha plaiwudi, kwa skrubu ambazo bado zilikuwa zinang'aa. Skrubu mpya hazijifungi zenyewe.

Inabidi nieleze karavani ya zamani inavyougua, maana hoja yangu yote imejificha humo. Kuta zake ni kama sandwichi. Nje kuna bati jembamba la alumini, katikati kuna fremu ya mbao na sponji ya kuzuia baridi, ndani kuna plaiwudi nyembamba iliyobandikwa karatasi ya kupendeza. Mabati yanapokutana, viungo huzibwa kwa gundi maalumu. Gundi hiyo hukauka na kupasuka kadiri miaka inavyokwenda, na maji huanza kuingia tone kwa tone. Mbao huoza kutoka ndani huku alumini ya nje ikiendelea kung'aa. Sura yake ndiyo ya mwisho kupata habari za ugonjwa. Hivyo ukiiuza kama inavyoonekana, unauza kile kisichosema lolote na kukaa kimya juu ya kile kinachosema kila kitu.

Dola nayo haisaidii sana. Gari la kawaida Uingereza hupelekwa kwenye ukaguzi wa lazima kila mwaka likishatimiza miaka mitatu. Karavani haina ukaguzi wa namna hiyo. Sheria ya Haki za Walaji ya 2015 inamtaka mfanyabiashara auze kitu chenye ubora wa kuridhisha, kinachofaa kwa kazi yake na kinacholingana na maelezo. Mtu binafsi anayeuza kitu chake mwenyewe amewekewa kizingiti cha chini: kitu kilingane na alivyokieleza, na asidanganye. Akiulizwa kuhusu unyevu akajibu haupo ilhali anajua upo, anaweza kushtakiwa. Asipoulizwa akanyamaza, kwa kawaida sheria nayo hunyamaza. Sisi wa Afrika Mashariki hatuna haki ya kuwacheka, kwa sababu Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, na ile ya Kenya, Sura ya 31, zote zilishonwa kwa kipimo cha sheria ya Uingereza ya 1893. Mnunuzi ajihadhari: agizo hilo lilikuja kwetu kwa meli kama bidhaa nyingine.

Darasani kwetu jambo hili lina jina la mtu. Mwaka 1970, George Akerlof, mwanauchumi wa Marekani, alichapisha makala kuhusu soko la magari yaliyotumika. Majarida matatu yalikuwa yameikataa kabla ya la nne kuikubali; mwaka 2001 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz. Hoja yake unaweza kuieleza kwa karavani. Tuseme iliyo nzima ina thamani ya pauni 2,000 na iliyooza ina thamani ya 800, na mnunuzi hawezi kuzitofautisha. Atakuwa tayari kulipa bei ya katikati, labda 1,400. Mwenye nzima ataona anaibiwa, ataiondoa yake sokoni. Zitakazobaki nyingi ni mbovu, mnunuzi atashtuka na kushusha bei tena, na wenye nafuu nao wataondoka. Mwisho wake soko linabaki la vibovu, au linakufa kabisa. Kwa hiyo muuzaji anayenyamaza humuumiza mnunuzi wake, na humuumiza pia muuzaji mkweli ambaye hajawahi kukutana naye.

Akerlof alitaja dawa kadhaa, kama vile dhamana na jina la biashara. Hilo la jina nililijua kabla sijamsoma. Shangazi yangu aliuza mitumba Ngamiani kwa miaka mingi. Mteja akichagua shati lenye tundu kwapani, shangazi alilipindua nje ndani, akaweka kidole kwenye tundu na kusema, "Mwanangu, hapa pametoboka, nikupunguzie." Nilipokuwa mdogo nilidhani ni wema mtupu. Ulikuwa wema, lakini ulikuwa pia hesabu: mteja yule angerudi wiki ijayo, na mdomo wake ungefika barabara ya pili na ya tatu. Kizuri chajiuza, naye alijua kwamba jina zuri hujiuza kuliko shati.

Sasa niangalie mimi. Nauza karavani moja maishani mwangu, katika nchi ninayoondoka baada ya miezi michache, kwa mtu ambaye sitamwona tena. Sina jina la kulinda. Hakuna barabara ya pili wala ya tatu. Kila sababu ya kibiashara ya kusema kweli imeondolewa mezani, na nimebaki na ile ambayo mwalimu wa uchumi hawezi kunichorea kwenye grafu. Ndiyo maana nikaenda kuwauliza watu waliokufa.

Mwaka 44 KK, Cicero alimwandikia mwanawe aliyekuwa anasoma Athens kitabu kuhusu wajibu. Katika sehemu ya tatu anasimulia kisa cha mtu anayeuza nyumba. Nyumba inaonekana nzuri, lakini mwenyewe anajua kwamba si salama kwa afya, mbao zake ni mbovu, na vyumbani hutokea nyoka. Hakuna mwingine anayejua. Je, aseme? Cicero anawapambanisha wanafalsafa wawili. Diogenes wa Babeli anashikilia kwamba kutosema ni jambo moja na kuficha ni jambo jingine. Muuzaji akishatimiza yale sheria inayodai na asiseme uongo, yuko huru kutafuta bei nzuri. Antipater, mwanafunzi wake, anakataa. Kwake yeye binadamu ni jamaa, na kumwacha mtu atumbukie kwenye hasara huku ukimtazama ni sawa na kumwona aliyepotea njia ukakataa kumwelekeza. Cicero mwenyewe anamalizia upande wa Antipater: kuficha ni pale unapotaka, kwa faida yako, wenzako wasijue jambo unalolijua na ambalo lingewafaa kulijua.

Karne ya 13, Thomas Aquinas alichora mstari unaonisaidia zaidi. Farasi mwenye jicho moja huna haja ya kumtangaza, alisema, maana kila mtu anamwona, ilimradi umepunguza bei inavyostahili. Ubovu uliojificha, unaoweza kumletea mnunuzi hatari au hasara, lazima umwambie. Yaani si kila doa ni la kutangaza. Zulia la karavani yetu limefifia, mlango mmoja wa kabati unalia. Hayo ni ya macho. Mbao zilizooza nyuma ya plaiwudi si za macho.

Na kabla ya Aquinas kulikuwa na kisa tulichofundishwa madrasa Tanga, ambacho sikukielewa vizuri mpaka nilipokutana na unyevu wa Uingereza. Mtume alipita sokoni, akaingiza mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vikatoka na maji. Alipomuuliza mwenye mali, yule akajibu ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu, watu waione. Ninachokipenda katika kisa hiki ni kwamba mfanyabiashara hakuwa amesema uongo, na mvua haikuwa kosa lake. Nafaka ililowa kwa bahati mbaya. Kosa lilikuwa kwenye mpangilio: kavu juu, mbichi chini. Ni kazi ileile ya plaiwudi mpya na harufu ya lavenda.

Katika fikihi, mnunuzi aliyeuziwa kitu chenye kasoro iliyofichwa ana hiari ya kukirudisha, na kasoro hiyo kwa Kiarabu ni ayb. Sisi tulilichukua neno hilo tukalifanya aibu. Kwa Kiarabu linabeba maana zote mbili, dosari ya kitu na fedheha ya mtu; Kiswahili kikabaki zaidi na ile ya fedheha. Nadhani lugha yetu ilichagua vizuri. Ubovu wa kitu ukifichwa, huhama kutoka kwenye kitu na kumwingia aliyeuficha.

Hapo ndipo wengi humalizia, na kwa vitu ghali nakubali kwamba yanatosha. Lakini sijajibu lile swali la bei. Mtetezi wa kunyamaza ana hoja ya heshima: bei imeshasema. Karavani nzima ya miaka hiyo ingeuzwa zaidi ya hapo. Kwa kuiuza rahisi nimekwisha kukuonya, na punguzo ndiyo fidia ya hatari uliyojitwisha. Nani kakulazimisha?

Hoja hii inachanganya vitu viwili. Shangazi alipokuwa akinunua belo la mitumba, alilinunua limefungwa. Hakujua kilichomo, na aliyemuuzia hakujua. Wote wawili walikuwa gizani, na bei ilikuwa bei ya giza. Hiyo ni bahati nasibu, na watu wazima wanaruhusiwa kucheza. Lakini belo likishafunguliwa, na muuzaji akishaliona tundu la kwapani, mchezo umebadilika. Mmoja anaona na mwingine haoni. Hatari wasiyoijua wawili ni kamari. Anayoijua mmoja tu ni mtego. Bei ya chini inaweza kuniambia kwamba huenda kuna kitu. Haiwezi kuniambia kwamba kiko chini ya dirisha la mbele, upande wa kushoto, na kwamba fundi anataka pauni 900 kukirekebisha. Muuzaji anaweza.

Kisha kuna gharama ya kujua. Tulipokuwa tunanunua, mtaalamu wa kukagua karavani mwenye kipima unyevu alitutajia pauni 200. Kwa anayenunua karavani ya pauni 20,000, hiyo ni asilimia moja ya bei. Mjinga tu ndiye asiyelipa. Kwetu ilikuwa zaidi ya asilimia 13, kabla hatujajua kama tutainunua, na tungelazimika kuilipa tena kwa kila karavani tuliyokwenda kuiona. Mwenye pesa anaweza kuununua ukweli. Mwenye bajeti ndogo hana njia ya kuupata isipokuwa mdomoni mwa muuzaji. Kwa hiyo agizo la mnunuzi kujihadhari, ambalo linaonekana kuwatendea wote sawa, ni jepesi kwa tajiri na zito kwa maskini. Na muuzaji wa kitu rahisi anashika ufunguo pekee wa mlango ambao kwenye vitu ghali una funguo kumi. Hii ndiyo maana ya kusema kwamba bei ikishuka, wajibu unapanda.

Hata serikali zinalijua giza hili. Kenya hairuhusu kuingiza nchini gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane. Umri si ubovu. Kuna gari la miaka kumi lililotunzwa na la miaka mitatu lililoteswa. Lakini umri huonekana kwenye karatasi na ubovu hauonekani, kwa hiyo sheria imeshika kinachoshikika. Sisi tuliokulia kwenye nchi za mitumba, ambako gari, friji na simu hufika baada ya kupita mikono ya wengine, tunajua kwamba vitu vilivyotumika hutiririka kama maji, kuelekea mabondeni. Mwenye nacho humuuzia mwenye kidogo, mwenye kidogo humuuzia asiye nacho. Kila anayenyamaza huongeza uzito kidogo na kuusukuma chini, mpaka umfikie wa mwisho, ambaye hana wa kumsukumia. Kunyamaza ni kodi, na anayeilipa ni yule wa mwisho.

Wetu wa mwisho tayari ana sura. Kabla hata hatujatangaza, alituulizia kijana mmoja anayefanya kazi kwenye ghala, ana mke na mtoto mchanga. Hataki karavani ya likizo. Anataka kuishi humo wakati akitafuta nyumba ya kodi anayoimudu. Amesema mwenyewe kwamba ana pauni 1,400. Hajauliza kuhusu unyevu.

Tulikaa watatu jikoni kwa dada wa Kisumu tukazungumza mpaka chai ikapoa. Kuhusu jiko la gesi hatukubishana: lazima likaguliwe na fundi, maana kifo hakina punguzo. Kuhusu unyevu tulibishana. Kaka Mghana alisema sisi tulinunua kimya, tuuze kimya, tutakuwa tumetoka sare. Nilimjibu kwamba sare ni kati yetu na yule mzee, na huyu kijana hayumo. Ukipewa noti bandia, kumpa mwingine si kurudishiwa yako.

Hoja ya dada ilikuwa ngumu zaidi. "Ndugu yangu," aliniambia, "huyo hata akijua atainunua tu. Hana pa kwenda. Ukweli wako hautambadilishia paa, utabadilisha bei tu. Na bei hiyo ni pesa yangu." Alikuwa anahitaji fungu lake kwa malipo ya awali ya chumba. Tukinyamaza, kila mmoja atapata zaidi kidogo ya pauni 460. Tukisema, karavani itauzwa labda 600, yaani 200 kwa kila mtu.

Nililala nalo siku kadhaa. Ni kweli huenda atainunua tu. Lakini akiinunua kwa 600 akijua, atabaki na 800 mfukoni na anwani ya ubovu. Anaweza kuchagua kuzitumia kwa fundi, au kuhamisha kitanda cha mtoto mbali na ukuta ule kabla ukungu haujamwingia kifuani. Akiinunua kwa 1,400 bila kujua, atagundua wakati wa mvua, kama sisi, akiwa hana kitu. Paa ni lilelile kweli, lakini ukweli ndio unaoamua nani anabaki na fundi wa kumlipa. Zile 800 hazikuwa fungu letu la karavani. Zilikuwa bei ya kutojua kwake, na kutojua kwake hatukuwahi kukumiliki.

Akaniambia basi hiyo tofauti nilipe mimi, kwa kuwa dhamiri ni yangu. Hapo sikuwa na jibu la haraka, na bado sina lililonyooka. Nikimlipa, nitakuwa nimekubali kwamba ukimya ulikuwa mali yake halali nami nimemnyang'anya. Nisipomlipa, ni rahisi mno kwangu kuwa mwema, maana mimi nina chumba tayari. Mtu anayehubiri ukweli kwa pesa za mwenzake anapaswa walau kuwa na soni.

Tumekubaliana hivi. Tangazo litataja unyevu kwenye mstari wa pili, mara baada ya mwaka wa kutengenezwa. Plaiwudi mpya tumeing'oa, ili uozo uonekane na atakayekuja autie kidole mwenyewe. Kijana yule ataambiwa wa kwanza, na hasara tutaigawana sawa. Nimempa dada pauni 150 kama mkopo usio na tarehe, na nimeuita mkopo kwa makusudi. Amezipokea. Amesema ananielewa, na amesema pia kwamba nimenunua usingizi wangu kwa pesa yake.

Sidhani yuko sahihi, lakini sina njia ya kumthibitishia. Mzee aliyetuuzia naye huenda alikuwa na ada ya hospitali ya kulipa, au mjukuu wa kumtunza, au dada wa Kisumu wa kwake. Kila anayenyamaza huwa na mtu nyuma yake anayezihitaji hizo pesa. Ndiyo maana ukimya unasafiri mbali hivi bila kukutana na mtu mbaya hata mmoja.